Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mzee mmoja wa kijiji chetu ana mjukuu anayesoma ng'ambo. Mwezi uliopita mjukuu alimpigia simu babu yake. Alisema kuwa rafiki zake walimpeleka kuona jumba la kale. Walipomaliza kulitazama, walimwuliza, "Na kwenu Mpwapwa kuna nini cha kale?" Kijana hakuwa na jibu. Aliona haya.

Kesho yake mzee alinikuta shambani. Aliniuliza, "Bwana Shamba, mjukuu wangu alikwenda kusoma. Kutembelea marafiki na kutazama nyumba za zamani kuna faida gani?"

Nilimjibu kwa habari ya watu wawili. Leo nawapa na ninyi habari hiyo.

CHUMA NA SUSI

Watu hao ni James Chuma na Abdallah Susi. Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alikamatwa na wauza watumwa. Mwaka 1861 aliokolewa na David Livingstone pamoja na wamisionari. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, karibu na mto Zambezi. Wote wawili walisafiri na Livingstone kwa miaka mingi.

Livingstone alikufa mwezi wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo. Siku hizi kijiji hicho kimo katika nchi ya Zambia. Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti. Mwili waliutia chumvi na kuukausha juani. Kisha waliubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Walifika huko Februari 1874.

Livingstone alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright, mmoja wa wenzao, alikuwapo. Chuma na Susi hawakuwapo. Baadaye mwaka huo huo, rafiki wa marehemu aliwalipia nauli, nao wakafika Uingereza. Rafiki huyo aliitwa James Young. Alipata utajiri wake kwa kutengeneza mafuta ya taa kutokana na makaa ya mawe.

WALIFANYA NINI UGENINI?

Chuma na Susi hawakukaa tu wakila na kulala. Walikwenda kwa Horace Waller, rafiki mwingine wa marehemu. Waller alikuwa anatayarisha kitabu kutokana na maandishi ya Livingstone. Lakini Waller hakuwa pamoja na Livingstone katika safari ile ya mwisho. Chuma na Susi walikuwa pamoja naye. Walimweleza mambo ambayo hayakuandikwa, na hasa jinsi Livingstone alivyokufa na jinsi walivyomsafirisha. Kitabu kilitoka mwaka huo huo wa 1874.

Walitembelea pia jumba moja la kale liitwalo Newstead Abbey. Mahali hapo palianzwa na watawa, zaidi ya miaka 800 iliyopita. Mwenye jumba wakati ule alikuwa Bwana Webb, naye pia alikuwa rafiki wa Livingstone. Miaka kumi kabla ya hapo Livingstone alikaa humo akiandika kitabu.

Basi kwa Chuma na Susi lile halikuwa jumba la mawe tu. Lilikuwa mahali alipokaa mtu wao. Nao waliacha kumbukumbu yao hapo. Walijenga mfano wa kibanda alichofia Livingstone, ili wenyeji waone kwa macho.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Chuma na Susi walipata habari za wenyeji, na wenyeji walipata habari kutoka kwao. Hiyo ndiyo faida ya kutembeleana. Lakini mgeni asiyejua habari za kwao atatoa nini?

NA KWETU JE?

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Babu yangu alinionyesha mahali wapagazi walipokuwa wakilala. Mimi sijamwonyesha mtu."

Ndugu msomaji, Mpwapwa ina mambo mengi ya kale. Njia ya misafara kati ya Tabora na Bagamoyo ilipita hapa. Wamisionari Waingereza walifika mwaka 1876. Mwaka 1889 Bushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani, alishambulia kituo chao hapa Mpwapwa. Hata ng'ombe wa aina ya Mpwapwa wana historia yao. Walipatikana hapa kwa kuchanganya ng'ombe wa kienyeji na ng'ombe wa Bara Hindi na wa Ulaya.

Tena, mkoani kwetu Dodoma, huko Kolo wilaya ya Kondoa, kuna michoro ya kale kwenye miamba. Mwaka 2006 michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watu hutoka nchi za mbali kuja kuitazama. Sisi tulio karibu, wangapi tumefika?

Mahali pa kale panaharibika. Wengine huandika majina yao juu ya miamba. Wengine hufukua wakitafuta mali ya Wajerumani. Wanaacha mashimo, na kilichovunjwa hakirudi. Na mzee akifa kabla hajasimulia, habari zake huzikwa pamoja naye. Ni sawa na mkulima aliyekula mbegu yote. Msimu ukifika hana cha kupanda.

TUFANYE HIVI

Kwanza, waulize wazee habari za mahali unapoishi. Pili, ziandike katika daftari. Sasa unajua kuandika, usiogope makosa. Tatu, ukifika mahali pa kale, tazama, uliza, lakini usifukue wala usichore. Nne, ukiwa na ndugu ugenini, mpelekee habari za nyumbani.

Jumapili iliyofuata tulikwenda na mzee mpaka mahali pale pa wapagazi. Tulikuwa watu wanne, na watoto wawili walichukua daftari. Jioni mzee alimpigia simu mjukuu wake. Walizungumza mpaka salio likaisha. Kesho yake mzee aliniomba tena daftari lile. Alisema kuna jambo moja alilisahau.

Mimi Bwana Shamba wenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Chuma na Susi waliwapa nini wenyeji wao?
2. Kijijini kwako kuna mahali gani pa kale?
3. Ni nani anayejua habari zake? Utamwuliza lini?