Boti moja, serikali mbili: tahadhari kwa ndugu zetu walioko Marekani

Usiku mmoja mwezi uliopita mpwa wangu aliye Florida alinipigia simu, huku kwetu Lamu watu wamekwisha kulala. "Salamu aleikum, mjomba. Nimepata boti." Ni boti ya injini, ya mtumba, futi 32, ya kutembea na watoto na kuvua samaki Jumapili. Baba yake alikuwa nahodha, naye ameendesha lori kwenye barabara za Marekani miaka tisa, kwa hivyo sikushangaa kuwa akiba yake imeelekea majini. Kilichoniondolea usingizi ni alichosema baadaye. Kampuni ya mikopo inataka boti iandikishwe kwanza kwa serikali kuu ya Marekani ndipo itoe fedha. Fomu inauliza uraia. Yeye ana kadi ya kijani tu, hajawa raia. Na mtu aliyejitolea kumsaidia karatasi amemwambia: "Tia alama hapo kwenye raia. Hakuna anayeangalia."

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu najua mpwa wangu hayuko peke yake. Watu wa Pwani wakienda ng'ambo hawaachi bahari nyuma, na kule boti ya starehe ni kitu ambacho hata dereva wa lori anaweza kukinunua kwa mkopo. Lakini karatasi zake zina mtego kwa asiyejua, na mtego wenyewe umetegwa mahali ambapo sisi wa nchi ya ugatuzi tunapafahamu vizuri: chombo ni kimoja, serikali ni mbili.

Kwanza kuna hati ya serikali ya shirikisho. Hutolewa na Kikosi cha Ulinzi wa Pwani cha Marekani, na ofisi inayoishughulikia iko Falling Waters, West Virginia, jimbo ambalo halina hata shubiri moja ya ufuo wa bahari. Asili yake ni sheria ya 1789, mojawapo ya sheria za mwanzo kabisa kupitishwa na Bunge la kwanza la nchi ile. Kisha kuna usajili wa jimbo, ambao kwa sura ya leo umetokana na sheria ya 1958. Boti ya injini isiyo na hati ya shirikisho hupewa namba na jimbo inakotumika zaidi. Namba huanza kwa herufi za jimbo, FL kwa Florida, na huandikwa pande zote mbili za omo kwa herufi zisizopungua inchi 3, ili askari wa doria azisome kwa mbali.

Wengi wanadhani hati ni ya wakubwa na namba ni ya wadogo. Si hivyo. Karatasi hizi zinajibu maswali tofauti. Namba ya jimbo inasema chombo kinatumika wapi na mwenyewe ni nani kikipatikana na kosa au kikipotea. Hati inasema chombo ni cha taifa gani, na ni nani ameandikisha haki au deni juu yake. Boti ikishapewa hati, jimbo haliruhusiwi tena kuidai ivae namba za omo, wala kuwa na cheti chake cha umiliki juu yake. Cha zamani lazima kirudishwe.

Si kila chombo kinastahili hati. Lazima kiwe na angalau tani 5 halisi, na hapa watu hukosea sana, kwa kuwa tani hizi si uzito. Ni nafasi iliyomo ndani ya chombo. Kwetu mtu husema jahazi hili labeba korija ngapi za boriti. Nao wana hesabu yao ya namna hiyo. Chukua boti ya mpwa wangu: urefu futi 32, upana 10, kina 5. Zidisha, upate 1,600. Kwa boti ya injini zidisha tena kwa 0.67, ugawe kwa 100, upate tani 10.72 za jumla. Asilimia 80 ya hizo ndizo tani halisi, kama 8.6. Kwa hiyo boti yake inaingia bila taabu. Kwa kawaida chombo cha futi 25 na zaidi huwa kinafika tani 5.

Kwa nini basi kampuni ya mikopo ing'ang'anie hati? Kwa sababu ya rehani. Rehani ya chombo chenye hati huandikishwa kule kule Falling Waters, na ina nguvu ya sheria ya shirikisho popote boti itakapokwenda. Mwenye boti akihama Florida akaenda Texas, deni linamfuata. Mkopeshaji analala usingizi. Mimi simlaumu, ni pesa zake.

Tatizo liko kwenye uraia. Boti ya mtu binafsi haipewi hati ila mwenyewe awe raia wa Marekani, na ikiwa wenyewe ni wawili, wote wawili wawe raia. Kadi ya kijani haitoshi, hata uwe umelipa kodi miaka ishirini. Mume mwenye kadi na mke aliye raia hawawezi kuiandikisha kwa majina yao wote wawili. Kampuni nayo ina masharti yake kuhusu uraia wa mwenyekiti, mkurugenzi mkuu na idadi ya wakurugenzi, na anayemweka rafiki raia mbele kama pazia anajitafutia balaa.

Sasa turudi kwenye ile alama ya "raia". Mtu anayemwambia mhamiaji aitie hivi hivi hamtakii mema, au hajui anachosema. Anayedanganya kwa makusudi kwenye maombi ya hati anaweza kunyang'anywa boti yenyewe. Hilo ni dogo. Chini ya sheria ya uhamiaji ya Marekani, kujidai kwa uongo kuwa raia ili kupata faida yoyote chini ya sheria ya shirikisho au ya jimbo ni sababu ya kufukuzwa nchini. Haisemi uongo huo uwe wa kupigia kura au kupata kazi tu. Alama moja kwenye fomu ya boti ya Jumapili inaweza kumpotezea mtu kadi, kazi, na maisha aliyowajengea watoto wake. Nilimwambia hivyo usiku ule ule, na sauti niliipandisha.

Watu wetu wasione ajabu kwamba karatasi ya chombo imefungamana na utaifa namna hii. Majahazi ya Sur, yale yaliyokuwa yakishuka na kaskazi hadi huku kwetu, yaliwahi kuyagombanisha mataifa mawili makubwa. Wafaransa waliwapa baadhi ya manahodha wa Oman karatasi na bendera ya Ufaransa, na chini ya bendera ile manowari za Uingereza hazikuweza kuyapekua kama zilivyotaka. Uingereza na Sultani wa Maskati wakalalamika, kesi ikafika The Hague, na mwezi Agosti 1905 wasuluhishi wakaibana Ufaransa: baada ya tarehe 2 Januari 1892 haikuwa na haki tena ya kugawa bendera yake isipokuwa kwa wachache waliokuwa chini ya ulinzi wake tangu kabla ya 1863. Karatasi ya chombo ni bendera, na serikali haigawi bendera yake ovyo.

Faida nyingine wanayoitarajia watu kwenye hati ni kukwepa ada na kodi za jimbo. Hilo nalo ni ndoto. Florida inataka boti yenye hati isajiliwe vilevile na ibandikwe stika yake, ila namba za omo tu ndizo zinazosamehewa. Kodi ya mauzo ya asilimia 6 iko pale pale, na kikomo chake ni dola 18,000 kwa boti moja. Hati yenyewe si ghali: ada ya kuanzia ni dola 133, kisha dola 26 kwa mwaka, na mwenye boti ya starehe anaweza kulipia hadi miaka 5 kwa mkupuo. Ukipokea barua yenye nembo ya kutisha ikikudai mamia ya dola ili "uhuishe hati", isome mara mbili. Kuna makampuni binafsi yanayoishi kwa barua hizo, na Kikosi cha Ulinzi wa Pwani kimeshawaonya watu juu yake.

Na sisi je? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kitaifa usafiri wa baharini, na kaunti zikapewa vivuko na bandari, isipokuwa udhibiti wa meli za kitaifa na kimataifa. Uvuvi umegawanywa pia: unatajwa upande wa taifa chini ya ulinzi wa mazingira, na upande wa kaunti chini ya kilimo. Mwenye mashua ya uvuvi ana Mamlaka ya Bahari ya Kenya kwa leseni na ukaguzi wa usalama, ana sheria ya uvuvi ya 2016 kwa usajili wa chombo cha kuvulia, na akifika gatini ana kaunti. Ada silalamikii sana. Ninachokiona kwa wenzetu na kukikosa hapa ni karatasi inayomfaa mwenyewe. Sijaona benki Lamu ikimkopesha nahodha kwa rehani ya jahazi lake, hata liwe jipya na ubao wake wa msaji. Leseni zote alizonazo zinamruhusu kuingia majini. Hakuna hata moja anayoweza kuipeleka kaunta akatoka na mkopo wa injini.

Mpwa wangu hakutia alama. Amepata chama cha kuweka na kukopa kilichokubali cheti cha umiliki cha jimbo kuwa dhamana, riba ikiwa juu kidogo, na jimbo halikumuuliza uraia. Akiwa raia hapo baadaye anaweza kuomba hati, na tangu Katiba yetu ya 2010 kufanya hivyo hakumwondolei Ukenya wake. Jambo moja lilimfurahisha. Boti yenye hati lazima iandikwe jina na bandari yake, na bandari hiyo iwe mji ulio ndani ya Marekani, hata mji wa bara usio na bahari. Sharti hilo haliwahusu wenye namba za jimbo. Juzi alinitumia picha ya tezi ya boti ikiwa imepakwa rangi mpya: jina la mamake juu, na chini yake, kwa herufi kubwa, LAMU.