Lubumbashi: kamera iko, senario iko wapi?

Mjini Lubumbashi kupata kamera si tena tatizo kubwa. Simu nzuri inatosha kwa filamu fupi, na anayetaka chombo cha maana zaidi anakodi kwa siku, pamoja na maikrofoni na taa. Wachezaji wako, tangu Katuba mpaka Ruashi. Fundi wa kukata na kuunganisha picha yuko. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi. Vijana wanakusanya pesa ya ndugu na marafiki, wanalipa siku tatu za kamera, kisha asubuhi ya siku ya kwanza mwongozaji anaanza kuwaeleza wachezaji hadithi kwa mdomo. Saa sita za mchana umeme unakatika, jenereta ya jirani inaanza kunguruma, na hakuna anayejua ni sehemu gani inaweza kuachwa bila hadithi kuvunjika. Siku ya tatu pesa ya ndugu imekwisha na filamu haijakwisha.

Kuna watakaojibu kwamba mji huu haujawahi kuhitaji senario, na wana ushahidi mkononi. Kundi la Mufwankolo lilichekesha Katanga kwa miaka mingi, kwenye redio na kwenye televisheni, bila kumpa mchezaji hata ukurasa mmoja wa kukariri. Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian aliwauliza watu wa kundi hilo maana ya msemo usemao kwamba mamlaka huliwa mazima. Wao wakaugeuza mchezo mzima, ukachezwa na kurekodiwa kwa ajili ya televisheni, na Fabian akaandika kitabu juu ya kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1990. Maneno ya mchezo ule hayakuandikwa popote kabla ya kuchezwa.

Lakini anayelitaja kundi la Mufwankolo ili kutetea uvivu wa kuandika hajaangalia vizuri walivyofanya kazi. Walikaa pamoja kwanza wakabishana juu ya maana ya ule msemo. Wakagawa hadithi sehemu kwa sehemu, wakakubaliana nani anaingia lini na anatoka akiwa amebadilisha nini. Wakafanya mazoezi. Na walikuwa watu waliozoeana kwa miaka, kila mmoja akijua mwenzake anapumua wapi. Senario yao ilikuwapo, ilikaa vichwani mwa watu wengi kwa wakati mmoja. Kundi lililoundwa wiki iliyopita kwa ajili ya filamu moja halina kichwa cha namna hiyo, na ndiyo sababu linahitaji karatasi.

Wanaoandika nao wana makosa yao, na yanajirudia. La kwanza ni kuandika kile ambacho kamera haiwezi kuona. «Mutombo anakumbuka utoto wake mgumu na anajuta kuiacha familia.» Sentensi hiyo inafaa katika riwaya. Mpiga picha atafanya nini nayo? Atampiga Mutombo picha akiwa amekaa anaangalia ukuta, na mtazamaji atadhani anasikia njaa. Mwandishi wa sinema analazimika kutafuta kitendo: Mutombo anafika mlangoni kwa mama yake, anainua mkono abishe hodi, anaushusha, anaweka mfuko wa unga wa bukari kizingitini na kuondoka. Majuto yameonekana na hakuna aliyeyataja.

Kosa la pili ni ndugu wa lile la kwanza, nalo limeota mizizi kwa sababu watu wengi wamejifunza kazi kutoka michezo ya redio, ambako sauti hubeba kila kitu. Wahusika wanaambiana mambo wanayoyajua wote wawili. «Wewe ndugu yangu tuliyezaliwa mama mmoja, unajua kwamba baba yetu, aliyefanya kazi Gécamines kwa miaka 30, alikufa na kutuachia nyumba hii.» Hakuna mtu Lubumbashi aliyewahi kumwambia ndugu yake maneno hayo. Atasema: «Yaya, nyumba ya baba unauzisha?» Neno «yaya» limekwisha kusema nani mkubwa na nani mdogo. «Ya baba» imekwisha kusema kwamba baba hayuko. Na ugomvi umekwisha kuanza.

Hapo ndipo swali la lugha linapoingia, na linastahili kuzungumzwa kuliko linavyozungumzwa. Senario nyingi za mji huu zinaandikwa kwa Kifaransa, kwa sababu mfuko wa pesa unasoma Kifaransa. Siku ya kupiga picha wachezaji wanatafsiri papo hapo, kila mmoja kwa uwezo wake, na mazungumzo yanarefuka mara mbili. Wengine, wakitaka heshima, wanaandika kwa Kiswahili cha kamusi. Matokeo yake yanaweza kuwa kichekesho kisichokusudiwa. Katika Kiswahili cha Lubumbashi kuuza ni kununua, na anayetoa mali apate pesa ndiye anayeuzisha. Mhusika akisema «nimeuza nyumba», mtazamaji wa Dar es Salaam anamwona amebaki bila makao, na mtazamaji wa Kamalondo anataka kumpongeza. Mwandishi anayetaka kuaminiwa na watu wa mji wake aandike mazungumzo kwa lugha wanayoisema nyumbani, kisha atengeneze nakala ya Kifaransa kwa ajili ya wenye pesa. Ni kazi mara mbili, ndiyo. Lakini inafanyika mezani, ambako saa moja haina bei ya kamera.

Kosa zito kuliko yote linahusu hadithi yenyewe: mhusika mkuu hajulikani anataka nini. Anateseka, anasingiziwa uchawi, anafukuzwa, analia, mambo yanampata kama mvua inavyompata mtu asiye na mwavuli. Linganisha na Makala, filamu ya mwaka 2017 ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopewa tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes. Ni filamu ya maisha halisi, haina wachezaji wa kulipwa. Mchoma makaa anataka kujenga nyumba ya familia yake. Anakata mti, anachoma makaa, anayapakia magunia kwa magunia kwenye baiskeli na kuisukuma karibu kilometa 50 mpaka Kolwezi. Malori yanampita karibu, na njiani kuna wanaomdai malipo ili apite. Mtu anaweza kuieleza kwa sentensi moja, na kila hatua ya ile baiskeli inamfanya mtazamaji aogope. Inauma kidogo kwamba hadithi hiyo, iliyo njiani kwetu kila asubuhi, ilipelekwa duniani na mgeni. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, naye alijua siri hiyo: katika Pièces d'identités mfalme mzee anakwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake. Filamu hiyo ilipata tuzo kubwa ya FESPACO mwaka 1999.

Mhusika asiyetaka kitu hana njia ya kufika mwisho, kwa hiyo mwandishi anamletea mchungaji. Dakika tano za mwisho mtu wa Mungu anaingia, anaomba, pepo linatoka, mume mlevi anaomba msamaha, wote wanacheka. Imani ya watu haina kosa hapa, na sala iko katika kila nyumba ya mji huu. Filamu isiyokuwa nayo ingekuwa ya uongo. Hata Makala inafika kwenye maombi. Ila pale mtu anaomba akiwa amekwisha kuuliza bei ya bati, na bei haipungui kwa sababu ameomba.

Uchawi wenyewe unaweza kuandikwa vizuri. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alionyesha hivyo katika Augure, filamu iliyopigwa Kinshasa na Lubumbashi na kupata tuzo ya Sauti Mpya huko Cannes mwaka 2023. Kijana anarudi kutoka Ubelgiji pamoja na mchumba wake mwenye mimba. Anapewa mtoto mchanga wa familia ambebe, pua yake inatoka damu, damu inamdondokea mtoto. Basi. Ukoo mzima umekwisha kumhukumu, na hakukuhitajika hotuba. Mwigizaji anayemchezea, Marc Zinga, ni mzaliwa wa Likasi.

Mambo ya umbo ni mepesi kujifunza, ingawa wengi wanayapuuza. Ukurasa mmoja uliopangwa vizuri ni karibu dakika moja ya picha; mwenye pesa ya filamu ya dakika 15 asije na kurasa 60. Kila sehemu ianze kwa kusema kama ni ndani au nje, mahali gani, mchana au usiku. Maagizo ya kamera yaachwe kwa mwongozaji. Na kabla ya kuandika «usiku, nje, umati wa watu 200 mbele ya bomba la Gécamines», mwandishi ajiulize nani atalipa taa, nani atawalisha watu 200, na nani atakwenda kuomba ruhusa.

Jambo moja linasahauliwa mpaka ugomvi uanze. Sheria ya haki za mwandishi ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi iliyoundwa, na SOCODA ndiyo shirika linalosimamia haki hizo. Hadithi iliyosimuliwa kwa mdomo kwenye bia ni vigumu kuidai baadaye; senario yenye tarehe na jina la mwandishi inadaika. Waandishi wawili wakiandika pamoja, waandikiane nani ana fungu gani kabla ya kugusa pesa ya mtu.

Wanaosaidia sinema hapa mjini, iwe vituo vya utamaduni, vituo vya televisheni au wafanyabiashara wanaotaka jina lao mwanzoni mwa filamu, wamezoea kulipia siku za kupiga picha kwa sababu zinaonekana. Wangeweza kutenga sehemu ndogo ya pesa hiyo kwa ajili ya mwandishi, na kumpa masharti: mchana mmoja, chumba kimoja, wachezaji sita wanaosoma senario nzima kwa sauti mbele ya watu kumi wasioijua hadithi. Mwandishi akae nyuma na kalamu, asieleze kitu. Mahali wasikilizaji wanapoanza kuangalia simu zao, aweke alama. Arudi nyumbani aanze kukata hapo.