Aliona Kijani, Akaandika Nyekundu

Miaka niliyofundisha baiolojia, kuna mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne ambaye daftari lake sijalisahau. Tulikuwa maabara, siku ya kupima sukari. Alichanganya sampuli na mmumunyo wa Benedict kwenye testi tyubu, akaipasha moto juu ya taa ya spiriti, na ile buluu ikageuka kijani, ikaishia hapo. Sukari ilikuwa kidogo. Nilisimama nyuma yake nikimtazama anavyoitazama ile tyubu. Kisha akainama akaandika kwenye safu ya matokeo kwamba buluu iligeuka kijani, ikawa njano, mwishowe ikawa nyekundu ya tofali. Nilipomuuliza hiyo nyekundu iko wapi, alinijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ndivyo inavyotakiwa."

Hakuwa mwongo. Alikuwa amefundishwa hivyo, na mmoja wa waliomfundisha ni mimi.

Jibu lile hunirudia kila ninaposikia hoja kwamba sekondari zetu zianze kufundisha utangulizi wa uhandisi wa kibaiolojia. Hoja hiyo ina wakati wake. Tanzania ilianza kutekeleza mitaala mipya mwaka 2024, yenye mkondo wa amali ndani yake. Kenya nayo, Januari 2026, iliwapokea wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 katika sekondari ya juu yenye njia tatu, mojawapo ikiwa ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mitaala ikifunguliwa, kila mwenye jambo lake hulileta mlangoni. Hili naliunga mkono, ila si kwa sura ambayo kwa kawaida huletwa nayo.

Uhandisi wa kibaiolojia ni kukitumia kiumbe hai, au sehemu yake, kifanye kazi uliyoikusudia, na uweze kupima kama kazi imefanyika. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini leo ni shahidi wake. Zamani insulini ilikamuliwa kutoka kongosho za nguruwe na ng'ombe. Tangu 1982 imekuwapo sokoni insulini inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, wakazalishwa matangini kama pombe inavyochachushwa. Hakuna mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeshindwa kuelewa jambo hilo akielezwa vizuri, na wengi wana shangazi au babu anayeitumia dawa hiyo.

Huko Marekani kozi za namna hii si ngeni. Mwaka 2003 chuo cha MIT kiliwapa wanafunzi wake kozi fupi ya kusanifu viumbe, kozi ikazaa mashindano ya iGEM, na baadaye vijana wa sekondari nao wakatengewa nafasi. Jaribio mashuhuri la kuanzia ni lile la bakteria wanaong'aa. Mwanafunzi anachukua bakteria wa maabara wasio na madhara, anawaweka kwenye barafu pamoja na kipande cha DNA chenye jeni iliyotoka kwa kiwavi-bahari mmoja wa Pasifiki, anawapeleka ghafla kwenye maji ya nyuzi 42 kwa muda usiofika dakika, anawarudisha kwenye barafu, kisha anawapanda kwenye sahani yenye chakula, antibiotiki na sukari iitwayo arabinosi. Kesho yake wakimulikwa kwa taa ya urujuanimno, wanang'aa kijani. Sahani isiyo na arabinosi haing'ai, kwa sababu sukari hiyo ndiyo swichi ya jeni.

Ni jaribio zuri mno. Kijana aliyeiona sahani ile gizani hawezi tena kuliwaza neno "jeni" kama msamiati wa mtihani. Lakini linataka friji, barafu, taa maalumu na kisanduku cha vifaa kutoka ng'ambo, na kisanduku kikiisha, kozi imeisha. Ada ya timu kushiriki iGEM peke yake ni maelfu ya dola. Kozi za hivyo zikiingia kwetu kama zilivyo, tunajua zitakaa wapi: shule chache za mjini, wakati wa likizo, kwa watoto ambao wazazi wao wangewapeleka hata bila kozi.

Gharama si tatizo langu kubwa, hata hivyo. Tatizo ni kwamba kisanduku kimetengenezwa ili kifanye kazi. Hatua zimepangwa, jibu linajulikana. Aliyezoea kuandika nyekundu ya tofali ataandika pia kwamba bakteria waling'aa, wang'ae wasing'ae.

Sasa kwa nini tujisumbue? Kwa sababu maamuzi yanapita juu ya vichwa vyetu. Mwaka 2016 mahindi yaliyobadilishwa vinasaba (GMO) yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, ndani ya mradi wa kutafuta mahindi yanayohimili ukame. Novemba 2018 serikali ikaamuru majaribio yasitishwe na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuyafuta majaribio ya GMO. Mwaka uliofuata akahamishiwa wizara ya elimu, na mitaala mipya ikazinduliwa chini yake. Upande wa pili wa mpaka, Oktoba 2022, Baraza la Mawaziri la Kenya liliondoa marufuku ya GMO iliyodumu miaka 10, na kesi zikafuatana mahakamani.

Sisemi nani alikosea. Zipo sababu nzito za kuhofia mbegu ambayo mkulima haimiliki, na zipo sababu nzito za kutaka mahindi yanayovumilia jua la Dodoma. Ninachosema ni kwamba nilikaa kwenye mijadala ile, vijiweni na kwenye daladala, nikasikia watu wakibishana kwa uchungu juu ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kuelezwa kinafanywaje. Wanaopinga walisema jeni ni sumu. Wanaounga mkono walisema ni sayansi, basi. Wote walikuwa wamepita mikononi mwa walimu kama mimi, na wote waliwahi kusoma njegere za Mendel.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba kazi hii ya kutafuta mbegu sugu si ngeni kwenye ardhi yetu. Ugonjwa wa batobato ya mihogo uliripotiwa kwa mara ya kwanza duniani kutoka Usambara, mwaka 1894. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoozesha muhogo ardhini huku majani yakikudanganya kwamba shamba ni zima, ulielezwa kisayansi mwaka 1936 kutoka Amani, juu ya milima hiyohiyo. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani wakaanza kuuchanganya muhogo na jamaa yake, aina mojawapo ya mti wa mpira, ili kupata mbegu sugu. Mwanafunzi wa Muheza, wilaya ilimo Amani, aweza kumaliza kidato cha nne bila kuambiwa hayo.

Au mchukue mtoto wa Kibaha. Mjini kwake kuna kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba, kinachozalisha bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu. Bakteria hao wanalishwa na kupewa hewa ndani ya matangi makubwa, joto likichungwa, hadi wanapokuwa wengi wa kutosha kuwekwa kwenye madumu na kumwagwa madimbwini. Mmoja wao ni wa jamii ya *Bacillus thuringiensis*. Hajabadilishwa vinasaba; ni wa asili. Na jeni ya aina nyingine ya bakteria huyohuyo ndiyo iliyopandikizwa kwenye pamba ya Bt ambayo wakulima wa Kenya walianza kuipanda mwaka 2020. Mtoto akishikishwa mambo hayo mawili, moja mkono wa kulia na jingine wa kushoto, atauliza mwenyewe: kuna tofauti gani kati ya kumwaga bakteria dimbwini na kuweka jeni yake ndani ya mmea? Nani anamiliki dumu, nani anamiliki mbegu? Hapo umepata somo la muhula mzima, na hujanunua kitu.

Ila somo la uhandisi bila kushika kitu ni hadithi tu, kwa hiyo nieleze kilichonibadilisha mimi.

Kila anayejua togwa anajua kimea. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa siku mbili tatu, unaanikwa, unasagwa. Ukipika uji mzito wa mahindi, ukauacha upoe hadi kidole kivumilie, kisha ukatia kimea, uji unalegea wenyewe na kuanza kuwa mtamu. Mama zetu hawasemi "kimeng'enya kinachovunja wanga," lakini wanajua kwamba ukitia kimea uji ukiwa unachemka umekiharibu. Hiyo ni kanuni ya joto na vimeng'enya, neno kwa neno.

Nilileta unga wa mahindi, kimea, jiko la mkaa na ayodini ileile ya maabara. Makundi yakapika uji mmoja mzito, wakaugawa vikombe vitatu. Cha kwanza walitia kimea ukichemka, cha pili ukiwa vuguvugu, cha tatu ukiwa umepoa kabisa. Kila dakika 5 walichota kijiko, wakakimwaga kwenye sinia lililoinamishwa na kupima kwa rula uji umeteleza umbali gani. Kisha tone la ayodini. Kikombe cha kwanza kiligoma, kikabaki kizito na ayodini ikawa nyeusi ya buluu. Cha pili kilitiririka kama maziwa ya mgando yaliyopigwa, na rangi ikaanza kuelekea kahawia. Cha tatu kilizua ugomvi, kwa sababu kundi moja lilikikuta kimelegea na jingine likakikuta kizito. Walibishana, wakakagua, wakagundua kwamba kundi moja lilikuwa limeacha kikombe juani dirishani.

Ndipo nikawapa kazi yenyewe: tengenezeni uji wa mtoto wa miezi minane, wenye unga mwingi kadiri inavyowezekana, lakini unaomezeka. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi unamjaza maji, uji mzito haumezi. Kazi hiyo si ya kubuni. Miaka ya 1980 A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na mwenzake Ulf Svanberg walichapisha utafiti juu ya jambo hilohilo, wakaonyesha kwamba nafaka iliyooteshwa inaruhusu unga mwingi zaidi bila uji kuwa mzito. Wanafunzi wangu walifanya majaribio kwa wiki mbili. Walishindwa mara nyingi. Walijifunza pia kwamba uji wa maabara hauonjwi, na kwamba ule wa nyumbani, baada ya kulegezwa, lazima uchemshwe tena kabla mtoto hajalishwa, maana kimea kinabeba vijidudu.

Walikuwa wakiongea Kiswahili muda wote, kisha wakalazimika kuandika kwa Kiingereza. Binti mmoja, ambaye mama yake huuza togwa stendi, alikuwa akijibu maswali yote kwa mdomo. Karatasi yake ilikuwa tupu. Sidhani kama kuna kozi ya uhandisi itakayofika mbali kabla hatujalitazama suala hilo la lugha usoni.

Wanaopinga kozi hii wana hoja, na ya kwanza siibezi: shule nyingi hazina maabara, zenye maabara hazina fundi sanifu, mwalimu mmoja ana vipindi hadi anakauka koo. Kumwongezea somo jipya ni kumwonea. Kwa hiyo lisiwe somo jipya. Liingie ndani ya vipindi vya vitendo vilivyopo, mahali pa kipimo kimoja cha chakula kinachorudiwa kila mwaka bila sababu.

Usalama unajadilika kirahisi: kwenye ngazi hii mwanafunzi hana haja ya kuotesha bakteria asiowajua wala kugusa damu. Hoja ngumu kuliko zote ni ya maslahi. Kampuni na miradi ya nje vikitoa vifaa na mafunzo ya walimu, darasa laweza kugeuka mahali pa kuwazoesha watoto bidhaa fulani. Hofu hiyo naishiriki. Kipimo changu ni hiki: kozi ikimalizika, awepo mwanafunzi anayeweza kuipinga GMO kwa hoja nzuri na mwingine anayeweza kuitetea kwa hoja nzuri, wakitumia takwimu zilezile. Kozi inayotoa upande mmoja tu ni tangazo la biashara.

Na isiwe ya wateule. Tanzania, kwa miaka mingi, baiolojia ilikuwa somo la lazima hadi kidato cha nne. Hiyo ni hazina, tusiipoteze. Kenya baiolojia imo kwenye njia ya sayansi, na kijana aliyechagua sanaa au sayansi ya jamii anaweza kuiacha akiwa na miaka 15 au 16. Naye atakula ugali maisha yake yote. Naye ndiye atakayekuwa mwandishi wa habari, wakili na mbunge siku kesi ya mbegu ikirudi.

Yote haya yataangukia kwenye mtihani, kwa sababu mwalimu hufundisha kinachotahiniwa. Baraza la mitihani halihitaji kisanduku kutoka ng'ambo. Mtahiniwa apewe kikombe cha uji mzito, vijiko viwili vya kimea, maji ya moto, kipimajoto, ayodini, rula na saa. Aambiwe aulegeze uji ndani ya dakika 40 kwa kimea kidogo kadiri awezavyo, aandike alichokiona kila dakika 5, na aeleze angebadilisha nini akirudia. Ambaye uji wake umegoma, aandike kwamba umegoma, na apate alama zake.