Cheti Changu cha Bustani

Juma lililopita mama mmoja wa hapa Ziba alifika mlangoni pa ofisi ya parokia. Hakuja kuandikisha ubatizo, wala hakutaka cheti cha ndoa. Mkononi alishika jani la mnyanya lililojikunja kama sikio la mbuzi. Akaniuliza, "Karani, huu ni ugonjwa gani?" Nikaligeuza jani huku na huku, kisha nikamwambia, "Mama, twende kwanza nikauone mnyanya wenyewe."

Miaka mitatu iliyopita nisingalimjibu hivyo. Ningalimpa jibu palepale nikiwa nimekaa kitini, na pengine jibu la uongo. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyojifunza kusema "twende nikauone", maana somo hilo halikunigharimu mimi peke yangu. Liliwagharimu na jirani zangu.

Mimi si bwana shamba. Nilisomea ualimu, kisha nikashika kazi ya ukarani. Lakini nilibahatika kuwa mmoja wa watu waliopelekwa kufundishwa ukulima wa bustani za mboga, mahali pamoja pa milimani, mbali na kwetu. Sharti lilikuwa moja tu: mafunzo ni bure, nawe ukirudi kwenu uwafundishe wengine bure. Shauri hili ni jema, kwa kuwa bwana shamba mmoja hawezi kufika kila nyumba. Hata Marekani walipata taabu hiyohiyo. Katika jimbo la Washington wataalamu wa kilimo walishindwa kuyajibu maswali yote ya watu wenye bustani. Basi, mwaka 1973 wakaanza kuwafundisha raia wa kawaida, nao wakalipa mafunzo yao kwa saa za kuwasaidia jirani. Mpango huo umeenea katika majimbo mengi ya nchi ile.

Nikarudi Ziba na cheti changu, nacho nikakitundika ukutani. Nikaziita familia sita. Nikawaambia, "Fanyeni kama nilivyofundishwa." Wakanunua mbegu za kabichi na nyanya kwa fedha zao wenyewe. Tukainua matuta mapana, marefu kwenda juu, yaliyonyoka kama meza, kama vile nilivyoona kule milimani. Ilikuwa mwezi wa Julai. Baada ya siku chache upepo wa kiangazi ukaanza kuvuma. Kina mama walichota maji asubuhi na jioni, na udongo ukayanywa kana kwamba hawakumwaga kitu. Kabla ya mwezi kwisha miche yote ilikuwa imekauka. Mama mmoja alinirudishia pakiti tupu ya mbegu, akaiweka mezani pangu, akaondoka bila kusema neno. Ndugu zangu, pakiti ile ilinisema kuliko matusi.

Kosa lilikuwa wapi? Walimu wangu walifundisha vizuri, na mbegu zilikuwa nzima. Kosa ni mimi kudhani kwamba nchi ya juu ni moja tu. Kila upandapo mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kama digrii 6. Uwanda wetu wa Tabora uko kadiri ya mita 1,200 juu ya bahari. Ndiyo maana usiku wa Juni na Julai twajifunika blanketi, na mtu wa Dar es Salaam akifika hutetemeka. Baridi hiyo yafaa sana kwa kabichi na vitunguu. Katika jambo hilo sisi na watu wa milimani tu ndugu.

Lakini milima hukamata ukungu na mvua, na uwanda wetu haukamati. Kwetu mvua huanza mwezi wa Novemba, hukoma karibu na Aprili au Mei, kisha kukawa kukavu. Tuta lililoinuliwa kazi yake ni kuondoa maji yaliyozidi. Kule maji huzidi. Kwetu wakati wa kiangazi hayatoshi. Basi mimi niliwafundisha watu kuyafukuza maji waliyoyatafuta kwa kichwa na ndoo!

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja mzee, asiye na cheti cha namna yoyote. Mchicha wake na vitunguu vyake vilikuwa kijani Septemba nzima, ukingoni mwa mbuga, karibu na kisima chake. Nilipomwomba anionyeshe, alicheka. "Mwanangu, wewe unapanda juu ya meza. Mimi napanda ndani ya sahani." Naam, yeye hakuinua udongo, bali aliuchimba. Tangu siku ile tunafanya hivi:

Kwanza, chimba kitalu chenye upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga ndani. Kiwe na kina cha kama sentimita 15, na udongo unaotoka uwe ukingo pande zote. Pili, changanya samadi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Udongo wa luseni wahitaji samadi zaidi kuliko udongo mweusi wa mbuga, kwa sababu mchanga haushiki maji. Tatu, funika udongo kwa majani makavu kuzunguka miche. Nne, miche ikiwa bado kitaluni iwekee kivuli cha nyasi, na juma moja kabla ya kuihamisha upunguze kivuli kidogo kidogo, ili izoee jua. Nyanya na kabichi huhamishwa baada ya majuma 4 au 5. Vitunguu vingoje 6 hata 8. Mvua zikianza Novemba, hapo ndipo uinue matuta. Kila kitu na wakati wake.

Nilizipitia familia zote sita, nyumba kwa nyumba, nikaomba radhi. Nikanunua mbegu nyingine kwa mshahara wangu. Tano zilikubali kuanza tena, nazo leo zinakula mboga kiangazi chote, wala hazitegemei nsansa peke yake. Baba wa nyumba ya sita alinikaribisha kiti, akanipa maji, akaniambia, "Karani, mimi nimekwisha kujaribu mara moja." Mpaka leo hajarudi. Simlaumu. Nikipita kwake humsalimu, nami bado natumaini.

Tena jambo hili si mchezo. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika nchi yetu kama watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ugali peke yake hujaza tumbo, lakini haujengi mwili. Mtu aliyefundishwa bustani akifundisha vibaya, hasara yake hufika mpaka kwenye sahani ya mtoto.

Wengine huniuliza, "Unalipwa kiasi gani?" Huwajibu kwamba nilikwisha kulipwa siku nilipofundishwa. Wewe msomaji uliyepata mafunzo yoyote, ya mboga, ya nyuki au ya kuku, usiyafungie sandukuni pamoja na cheti. Lakini kabla hujafundisha, jaribu kwanza nyuma ya nyumba yako kwa msimu mmoja, upate hasara wewe kabla ya jirani. Uulize pia wazee wa pale, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni asiyeuliza humtia mwenyeji hasara.

Na yule mama wa jani la mnyanya? Tulikwenda. Nilipoligeuza jani nikaona inzi weupe wadogo wakiruka kama unga. Hao ndio wanaoeneza ugonjwa ule. Tuling'oa miche mitatu iliyougua, tukaichoma moto, ili ile mingine iweze kupona. Alisikitika, lakini aliona kwa macho yake mwenyewe sababu ya kung'oa. Kesho nitakwenda kuitazama tena.

Kwa herini, hata juma lijalo.