Cabo Delgado: Tasnifu hukwama kwenye lugha, si kwenye kompyuta

Tangu zana za akili mnemba zienee mwishoni mwa mwaka 2022, wanafunzi wa vyuo vikuu wanaahidiwa kuandika tasnifu kwa haraka. Kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, ahadi hiyo inakumbana na kikwazo cha zamani zaidi. Kijana wa Palma au Mocímboa da Praia hukua akisema Kimwani au Kiswahili. Kireno, lugha rasmi pekee ya Msumbiji, aghalabu hukikuta shuleni. Akichunguza uvuvi, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Lúrio mjini Pemba, atawahoji wavuvi kwa Kimwani na kuandika kwa Kireno. Hapo ndipo muda unapomezwa. Mashine hunyoosha Kireno chake, lakini mahojiano ya Kimwani haiyamudu, kwa kuwa maandishi ya lugha hiyo ni machache mno.

Kuandika si jambo geni huko. Katika karne ya 19, watawala wa pwani hiyo waliwaandikia maofisa wa Kireno kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na barua hizo zimehifadhiwa Maputo. Kuruhusu rasimu ya kwanza iandikwe kwa lugha ya mahojiano kungeokoa muda kuliko programu yoyote. Na vijana ambao shule zao zilifungwa kutokana na mashambulizi yaliyoanza Oktoba 2017 tayari wamepoteza miaka.