Kura ya Agosti Hupigwa Aprili

Agosti 9, 2022, daftari la wapigakura nchini Kenya lilikuwa na majina milioni 22.1. William Ruto alishinda urais kwa kura milioni 7.18, Raila Odinga akapata milioni 6.94, na kati yao palikuwa na kura 233,211. Waliokuwa kwenye daftari lakini hawakufika kituoni walizidi milioni saba na nusu. Hilo ndilo lililokuwa kundi kubwa kuliko yote katika uchaguzi ule. Halikuwa na mgombea, halikuwa na fulana wala wimbo, na siku ile ya mapumziko lilikaa nyumbani.

Hapo hatujawahesabu ambao hata daftarini hawakuingia. Miezi miwili kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza kwamba wapigakura wa umri wa miaka 18 hadi 35 walikuwa milioni 8.8, chini ya asilimia 40 ya daftari zima, na kwamba idadi yao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 tangu 2017. Imepungua katika nchi ambayo kila mwaka mamia ya maelfu ya watoto hutimiza miaka 18! Mwaka 2013 karibu asilimia 86 ya waliojiandikisha walipiga kura. 2022 walikuwa karibu 65.

Toleo hili linawahusu hao waliokaa nyumbani, na nitalifungua kwa kusema ninachoamini. Vijana wa Kenya hawajaichoka siasa. Wamevichoka vyama, na wana haki ya kuvichoka. Lakini kwa kuvipa mgongo wameviachia mahali pale pale ambapo mambo huamuliwa, yaani mchujo wa wagombea ndani ya vyama, miezi minne kabla ya wananchi kupanga foleni.

Waliozoea kusema kijana wa leo hajui lolote ila simu walipata jibu lao Juni 2024, tena kupitia simu hizo hizo. Vijana walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu: VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Waliutafsiri kwa lugha za nyumbani ili mama na nyanya wauelewe, wakawapigia wabunge simu mmoja mmoja. Sikumbuki sheria nyingine ya fedha iliyowahi kusomwa na umma kwa makini namna ile. Serikali ikaondoa baadhi ya vipengele. Hata hivyo, Juni 25 wabunge 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106 walioukataa, waandamanaji wakaingia Bunge, risasi zikalia na damu ikamwagika. Siku ya pili Rais alikataa kuutia saini.

Kijana wa miaka ishirini na miwili alijifunza nini siku ile? Alijifunza kwamba barabara husikilizwa na mbunge hasikii. Vijana wale walijitambulisha kuwa hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama, na hilo la tatu lilisemwa kwa fahari ile ile ya la kwanza. Fikiria hilo kwa makini. Kutokuwa na chama kumekuwa sifa njema, kama kutokuwa mkabila.

Yaliyofuata yaliwathibitishia kwamba walifikiri sawa. Julai Rais alilivunja baraza la mawaziri, na wiki chache baadaye vigogo wanne wa ODM, chama kikuu cha upinzani, waliapishwa kuwa mawaziri wake. John Mbadi alikabidhiwa Hazina ya Kitaifa, wizara ile ile iliyouandaa mswada. Machi 7, 2025, UDA, chama cha Ruto, na ODM zikatia saini mkataba wa kushirikiana jijini Nairobi. Sisemi maridhiano ni dhambi. Nchi iliyopitia machafuko ya 2007 na 2008 inajua thamani ya viongozi kukaa meza moja. Ninachosema ni kwamba aliyepiga kura kumzuia Ruto na aliyepiga kura kumzuia Raila walikutana serikali moja, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa. Wazazi wao walikuwa wameona handisheki ya Machi 2018 kati ya Uhuru Kenyatta na Raila, nayo ilifikiwa vivyo hivyo, kati ya viongozi wawili, na wafuasi wakaipata kwenye runinga.

Tazama basi vyama vyenyewe. Mwai Kibaki aliingia ikulu 2002 kwa NARC. Mwaka 2007 alitangazwa mshindi kwa PNU, iliyoundwa miezi michache tu kabla ya uchaguzi. Uhuru alishinda 2013 kwa TNA iliyokuwa ndani ya muungano wa Jubilee, na 2017 kwa Chama cha Jubilee kilichozaliwa mwaka mmoja uliotangulia. Ruto akaja na UDA. Chaguzi tano, vyama vitano. Chama chetu hukodishwa kama matatu ya kwenda harusini: hupambwa, hupigiwa honi njia nzima, na abiria wakishashuka hurudi kwa mwenyewe. Nani atakaa miaka kumi akijenga tawi la kitu ambacho uchaguzi ujao hakitakuwepo? ODM imedumu zaidi ya vingine, lakini ilidumu juu ya mabega ya mtu mmoja, na tangu Raila afariki Oktoba 2025 imekuwa ikivutana yenyewe kwa yenyewe kuhusu njia ya kufuata.

Kuna jambo la Juni 2021 ambalo naona hatukulipa uzito wake. Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa iliwawezesha wananchi kuingia eCitizen na kuangalia kama ni wanachama wa chama chochote. Wakenya wengi walikuta majina yao kwenye vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo, vingine hata hawajawahi kuvisikia. Mitandaoni watu walipigwa na mshangao, wengi wakakimbilia kujiondoa. Chanzo si vigumu kukiona. Sheria inataka chama kinachoomba usajili kamili kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani majina 24,000 kwa uchache. Chama kisicho na ofisi nje ya Nairobi, kisicho na mkutano wa tawi wala kitabu cha ada, kitayatoa wapi majina hayo? Yakatoka kwingine, wenye majina hawajui wapi.

Wanasiasa walilichukulia kama hitilafu ya orodha, wakaomba radhi nusunusu na kuendelea. Mimi naona ndipo ukweli wote ulipojitokeza. Chama kilihitaji nambari ya kitambulisho cha kijana. Hakikuhitaji afike mkutanoni, hakikuhitaji neno lake, hakikuhitaji hata ajue kwamba yumo. Mtu aliyegundua hivyo akiwa na miaka kumi na tisa, kisha akaambiwa mwaka uliofuata kwamba chama hicho hicho kinampenda na kinaomba kura yake, unamshangaa vipi akikaa nyumbani?

Sasa turudi kwa wale wabunge 195. Wapigakura waliwapigia simu usiku na mchana, nambari zao zikasambazwa, wengine walizomewa hata ibadani. Kwa nini hawakutetereka? Kwa sababu wanamjua anayewapa kazi. Sehemu kubwa ya Kenya ina chama chake. Mwaka 2022 aliyepata tiketi ya UDA katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa na Mlima Kenya, au ya ODM katika maeneo mengi ya Nyanza, alikuwa amekwisha kupita; Agosti ilibaki kuwa ya kumthibitisha. Kiti huamuliwa Aprili, kwenye mchujo. Na pale ambapo wakubwa hawataki mchujo, hutoa tiketi ya moja kwa moja, na hapo kiti huamuliwa na watu wachache kwenye chumba kimoja. Mbunge anayejua kwamba kurudi kwake kunategemea chumba hicho atakisikiliza chumba hicho. Simu elfu moja za vijana ambao hawako kwenye sajili ya chama chochote hazimnyimi usingizi, maana Aprili hawatakuwepo.

Watu wamewahi kujaribu kuwepo. Aprili 2017 wafuasi wa Jubilee walijitokeza kwa wingi kiasi kwamba karatasi za kura hazikutosha, na chama kikafuta mchujo wa nchi nzima siku hiyo hiyo na kuupanga upya. Hamu ilikuwepo. Kilichokosekana ni chama kilichotarajia kwamba wanachama wake watakuja. Sajili za vyama hazikuaminika, masanduku yalichelewa, mawakala walizozana nani ni mwanachama na nani ameletwa kwa basi kutoka wadi jirani. Kijana akiona mchujo wa namna hiyo mara moja, mara ya pili haendi. Asipokwenda, wanaobaki ni wale waliolipiwa nauli.

Nisije nikawatia wote kapu moja. Wapo wasiopiga kura kwa sababu hawana kitambulisho. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa, Wajir au Mandera, na Mwislamu wa Pwani au Mnubi wa Kibera, alipitishwa kwenye jopo la ukaguzi, akatakiwa alete hati za babu yake, huku mwenzake wa Nyeri akipewa kitambulisho bila maswali. Rais alitangaza kuuondoa ukaguzi huo Februari 2025. Kwa waliopita umri wa miaka 18 wakisubiri, kuwaita wazembe wa kura ni kuwatukana. Wapo pia waliojiandikisha nyumbani Busia au Taita na wanahangaika na kibarua Nairobi, ambao nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha wiki.

Lakini yupo kijana mwingine, mwenye kitambulisho na kituo cha kura mtaani kwake, anayeniambia kwamba kutopiga kura ndio ujumbe wake. Ninamheshimu, na ndiyo maana nitamjibu kwa hoja. Ujumbe huo hauna pa kuandikwa. Fomu 34A, inayojazwa katika kila kituo, ina safu ya kura za kila mgombea na ya zilizokataliwa, na kura halali zikishajumlishwa safari inaendelea hadi Nairobi. Katiba inataka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba zinazohesabiwa katika nusu hiyo ni kura halali pekee. Kwa hiyo anayebaki nyumbani kwa hasira hapunguzi uhalali wa mshindi hata kidogo kwenye hesabu. Anampunguzia kazi. Kadiri wanaobaki nyumbani wanavyoongezeka, ndivyo nusu inavyokuwa ndogo, na ndivyo aliye na pesa za kuwasafirisha watu wake anavyoifikia mapema. Hakuna kigogo wa chama anayekosa usingizi kwa sababu ya vijana wasiojiandikisha. Hao ndio anaowapenda.

Na vyama hivi ni mali ya kijana kuliko anavyodhani. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inaagiza Hazina itenge kwa ajili ya vyama kiasi kisichopungua asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na chama kinachopata fungu hilo kitumie angalau asilimia 30 yake kuinua wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na jamii za wachache. Hazina haijakuwa ikitoa kiwango kamili, na vyama hulalamika kila bajeti. Lakini hata hicho kidogo kinatoka kwenye kodi, na anayenunua data ya shilingi ishirini amekichangia. Ni haki yake kuuliza asilimia 30 ilikwenda wapi. Fulana na vipaza sauti vya mkutano mmoja wa vijana havimalizi hesabu hiyo. Ni haki yake pia kuuliza nani aliingizwa kwenye orodha ya viti maalumu, kwa sababu Katiba imewatengea vijana nafasi mbili katika Seneti na imewataja kwa jina katika viti 12 vya uteuzi vya Bunge la Kitaifa, na majina hayo hupangwa na chama.

Kwa viongozi wa vyama wanaosoma jarida hili nina ombi moja, nalo ni la moyoni: safisheni sajili zenu sasa, si wiki ya mwisho. Muiteni kila aliyemo, mumuulize kama anataka kubaki. Mkibaki na elfu ishirini na nne wanaotakiwa kisheria badala ya laki tano, mtakuwa na chama cha watu elfu ishirini na nne, na hicho ni chama kikubwa kuliko chochote mlicho nacho leo.

Makala za toleo hili zinazunguka mambo hayo: vitambulisho na ukaguzi, fedha za vyama, viti maalumu, na mazungumzo na vijana walioandamana Juni 2024 na bado hawajajiandikisha. Baadhi yao hawakubaliani na mhariri, na nimefurahi kuwapa kurasa.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Kenya ina wadi 1,450, na mwaka 2022 wadi moja kwa wastani ilikuwa na wapigakura kama elfu kumi na tano. Wanaofika kwenye mchujo wa mwakilishi wadi ni wachache zaidi ya hapo, na mara nyingi mshindi hupishana na wa pili kwa mamia ya kura. Kijana anayetaka kuanza, aingie kwanza eCitizen aangalie kama kuna chama kilichomsajili bila idhini yake, ajiondoe. Kisha ajiandikishe mwenyewe, kwa hiari yake, katika chama ambacho tiketi yake ndiyo inayogombewa wadini kwake, hata kama hakipendi, na awashawishi wenzake mia tatu wafanye hivyo hivyo. Mia tatu wanaofika pamoja asubuhi ya mchujo wanatosha kumnyima tiketi mtu aliyezoea kupita bila kupingwa.