Saruji ndiyo inayoua kuta zetu

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu kuhifadhi majumba ya kale, suala la fedha umelieleza vizuri, ila la mafundi umelipita mbio. Majumba ya Mji Mkongwe hapa Bagamoyo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa hivyo unapumua: unanyonya unyevu, kisha unautoa. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pua. Maji na chumvi vinabaki ndani, chokaa inalainika, mwishowe lipu inabanduka na vipande vya jiwe. Nimeliona jambo hilo kwa jirani yangu, na masikini alikuwa na nia njema kabisa.

Sehemu ya Boma la Wajerumani la 1897 ilipoporomoka kwa mvua za El Niño, tukailaumu mvua. Sawa, lakini mvua hupita palipo na ufa. Katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tumo tangu 2006. Tukingoja kuingizwa rasmi, Idara ya Mambo ya Kale iwakutanishe vijana na wazee ambao bado wanajua kuchoma chokaa. Na paa jamani, paa kwanza! Ukuta wenye bati zima unaweza kusubiri bajeti.